Mwezi Ulionyamaza

Wifi yangu hukata kioo kwa masikio. Nilipohamia na mtoto nyumbani kwa mama mkwe, kitu cha kwanza wifi alichonionyesha hakikuwa picha za familia, kilikuwa karakana anakofanya kazi. Alilaza kioo juu ya meza iliyotandikwa zulia kuukuu, akapitisha brashi yenye mafuta kidogo, akaweka rula ya mbao, kisha akavuta kisu chenye ncha ya almasi kutoka ukingo hadi ukingo bila kusita. Kililia kama hariri inapochanwa.

"Umesikia?" aliniuliza. "Kikilia hivyo, kimekubali. Kikikwaruza kama kuku juu ya bati, usikilazimishe, kitakupasukia mkononi."

Akakigonga kwa chini, akakishika kingo mbili, na kioo kikaachana kama ndugu waliogawana urithi bila ugomvi. Mafundi wenzake walimwita Almasi, na jina lilimganda hata mama yake mzazi akawa analitumia.

Nyumbani tulikuwa wachache. Mama mkwe, mimi na mtoto wetu, na mume wangu, ambaye ni dereva wa lori, kwa hiyo yupo kama hayupo. Almasi alikuwa na chumba cha nyuma, ukuta mmoja na jikoni. Ndiyo maana nilimsikia.

Ilikuwa mwezi wangu wa kwanza pale. Asubuhi hakutoka kwenda kazini. Mama mkwe, bila kuulizwa wala kuuliza, aliteleka maji, akayamimina kwenye chupa ya mpira, akaizungushia taulo na kuipitisha mlangoni kama mtu anayemlisha mfungwa.

"Ana nini, Mama?"

"Yuko mwezini," akasema. "Ndio utu uzima huo. Mimi pia nilikuwa hivyo. Atazoea, na akizaa maumivu yataisha."

Nilibaki nikiosha vyombo. Kupitia ukuta ilikuja sauti ndogo, ya mtu anayeng'ata kitambaa ili asisikike. Mimi nilipojifungua nilipiga kelele mpaka wauguzi wakanicheka, na hakuna aliyenilaumu. Huyu alikuwa anaumia kimyakimya, kwa aibu, kama mwizi. Hapo ndipo nilipoogopa.

Tulipozoeana alinieleza. Ilianza tangu akiwa shuleni. Amepita kwenye zahanati nyingi kuliko dawa zenyewe: hapa vidonda vya tumbo, pale minyoo, kwingine mkojo mchafu. Daktari mmoja alimwambia apunguze pilipili.

"Nimezipunguza mpaka zimenisahau," alisema. "Hata sokoni zikiniona zinageukia kando."

Alicheka, nami nikacheka, lakini maisha yake yote yalikuwa yamepangwa kuzunguka tumbo lile. Kazi za mji mwingine alizikataa, kwa sababu hakujua tumbo litaamkaje. Kulikuwa na kijana aliyemchumbia akachoka kusikia "leo sijisikii vizuri," akadhani anachezewa, akaenda zake. Almasi hakumweleza. Angemwambia nini? Kwamba anaumwa na kitu ambacho kila mwanamke anacho, ila yeye peke yake ndiye anayeshindwa?

Siku iliyogeuza mambo, walikuwa wanaweka kioo kikubwa kwenye maktaba ya shule. Yeye alishika upande mmoja, na upande wa pili alikuwapo fundi mwenzake waliyemwita Kimya, kwa sababu alizungumza mpaka ukaionea huruma hewa. Huyo Kimya ndiye aliyenisimulia. Walikuwa katikati ya ngazi, kioo kimesimama kati yao, akamwona Almasi upande wa pili akibadilika rangi ya midomo. Akamwambia, "Dada, tushushe." Almasi alitikisa kichwa tu, akateremka kinyumenyume mpaka chini, akapinda magoti taratibu, akakilaza kioo juu ya mablanketi waliyotandika, akaondoa vidole kimoja kimoja ili kisipate ufa. Kisha akaanguka.

"Kioo hakina hata mkwaruzo," Kimya aliniambia kwenye simu. "Hata mkwaruzo, shemeji. Njoo hospitali."

Bosi wao alikuwa amemkimbiza kwa pikapu. Nilimkuta amelazwa kwenye kitanda cha mapokezi, viatu vya kazi bado miguuni. Kwa bahati siku ile alikuwepo daktari wa magonjwa ya wanawake, mama mfupi aliyevaa ndala na kuongea kama shangazi wa mtu. Alivuta kiti akakaa. Hilo peke yake lilinishangaza, maana wale wa nyuma, Almasi aliniambia, walikuwa wakimsikiliza wamesimama.

"Maumivu yanaanza pamoja na damu, au kabla?"

"Kabla."

"Na mgongo?"

"Mgongo, na mguu wa kulia, mpaka gotini."

"Ukienda haja kubwa siku hizo?"

Almasi akanitazama. "Wifi, ziba masikio." Kisha akamwambia daktari kwa sauti ya chini, "Kama kisu."

"Na siku nyingine zisizo za hedhi, tumbo linavimba, unachoka bila kufanya kitu?"

Wifi yangu alijiinua kwa kiwiko. "Nani alikwambia?"

"Hakuna aliyeniambia, mwanangu. Wewe si wa kwanza kulala hapo."

Basi machozi yakamtoka. Nilikuwa nimemsikia akiumwa nyuma ya ukuta miezi kwa miezi, sijapata kuona chozi lake. Lilitoka siku aliyokutana na mtu anayeuliza maswali ambayo majibu yake alikuwa ameyabeba peke yake tangu utoto.

Daktari akamsubiri. Kisha akaeleza, na mimi nilisimama pale nikisahau kuziba masikio.

"Ndani ya mji wa mimba kuna utando," alisema. "Kila mwezi unanenepa, unajiandaa kupokea mimba. Isipoingia, utando unabomoka na kutoka. Hiyo ndiyo hedhi. Sasa kuna wanawake ambao kitu kinachofanana na utando huo huota mahali pengine. Juu ya mifuko ya mayai, nyuma ya mji wa mimba, hata kwenye utumbo. Kiko nje ya nyumba yake, lakini kinasikia homoni zile zile. Mwezi ukiita, nacho kinaitika. Kinavimba, kinavuja damu, na damu hiyo haina mlango wa kutokea. Panawaka moto, panauma, na baada ya miaka nyama zinaweza kushikana kwa makovu. Inaitwa endometriosisi. Nina sababu nyingi za kuamini ndiyo hii."

Almasi alikuwa anatazama dari kama mtu aliyeonyeshwa ramani ya nyumba aliyoishi maisha yake yote, akakuta ina vyumba ambavyo hajawahi kuviingia.

"Kwa hiyo," akasema polepole, "si kwamba mimi ni mwoga."

"Bosi wako amenieleza habari ya kioo," daktari akajibu. "Mwoga angekiachia."

Walimfanyia ultrasaundi, haikuonyesha kitu kikubwa. Nikadhani ndiyo basi, tutarudishwa nyumbani na ushauri wa pilipili. Daktari akasema picha safi haimaanishi ugonjwa haupo, maana vidonda vidogo vidogo mara nyingi havionekani. Kuvithibitisha kwa macho kunahitaji upasuaji wa kuingiza kamera ndogo tumboni, na huenda siku moja ukahitajika, lakini si lazima mtu aendelee kuteseka akiusubiri. Akampima presha. Akamuuliza kama anavuta sigara, kama huumwa kichwa kinachotanguliwa na mimweko machoni, kama kuna mtu kwao aliyewahi kuganda damu miguuni. Yote hapana. Ndipo akatoa pakiti mezani.

Niliitambua. Nikashindwa kujizuia. "Daktari, hivyo si kama vyangu?"

"Vya uzazi wa mpango, ndiyo. Vimeitwa kwa kazi yao moja, kama mtu anavyoitwa Mpishi na kumbe anajua na kushona. Homoni zilizomo zinalituliza yai lisipevuke, na zinaufanya utando ubaki mwembamba. Na kile kilichoota nje nacho kinapoa. Wewe mgonjwa wangu utameza mfululizo. Pakiti ikiisha unaanza nyingine, bila siku za kupumzika, ili hedhi isije."

"Isije kabisa?" Almasi aliuliza. "Sasa damu itakaa wapi?"

Nilifurahi kwamba ameuliza yeye, kwa sababu nami nilikuwa najiuliza hivyo hivyo na nilikuwa nameza vidonge kwa muda mrefu.

"Haikai popote. Utando haukujengeka, kwa hiyo hakuna cha kubomoka. Damu hiyo haipo."

Akaongeza, naye hakupamba: dawa hii haiponyi, inatuliza. Wengine wanapata nafuu kubwa, wengine kidogo, wengine inabidi wabadilishiwe aina. Miezi ya mwanzo huenda matone ya damu yakaja ovyo, matiti yakauma, moyo ukachafuka. Asikate tamaa mapema, lakini mguu ukivimba na kuuma, au kifua kikibana, asisubiri hata kidogo, aje. Na siku akitaka mtoto, ataacha vidonge na mayai yataanza tena kupevuka. Ugonjwa wenyewe ndio unaoweza kuwachelewesha baadhi ya wanawake kupata mimba, wala si vidonge.

Miezi ya mwanzo ilikuwa kama alivyosema. Matone yalikuja bila hodi. Alikuwa mkali kwa mambo madogo, akagombana na Kimya kuhusu ndoo. Maumivu yalipungua, lakini hayakuondoka. Mara moja alikitupa kile kipakiti juu ya kitanda changu akasema, "Chukua, vitakufaa wewe." Nikamrudishia kesho yake, naye akavipokea.

Kisha ikaja asubuhi moja. Nilikuwa namvisha mtoto. Almasi alisukuma mlango bila kubisha, amevaa nguo za kazi, akasimama katikati ya chumba.

"Wifi, sikiliza."

"Nisikilize nini?"

"Sikiliza tu."

Nikasikiliza. Bomba la jirani linadondosha maji. Redio mbali. Mtoto ananuna kwa sababu ya soksi.

"Sisikii kitu."

"Ndiyo," akasema. "Hakuna kitu."

Akachukua mkono wangu akauweka juu ya tumbo lake, chini ya kitovu. Lilikuwa laini na vuguvugu, tumbo la mtu yeyote. Siku zile ndizo zilikuwa siku zake, alinieleza. Zimekuja, zimepita karibu, hazikuingia. Alikuwa ameamka mapema akakaa kitandani kuzisubiri, kama unavyomsubiri mgeni mkorofi umeshaficha vyombo vya udongo, na mgeni hakutokea.

"Mwili wangu una sauti nyingine," alisema. "Njaa naisikia. Baridi ya sakafu naisikia. Sikujua kuna vitu hivi vyote. Wewe unaishi hivi kila siku?"

Mimi ninaishi hivyo kila siku na sijawahi kushangaa hata mara moja. Tulisimama pale, mkono wangu umebaki tumboni mwake. Mtoto akavua soksi zote mbili.

Mama mkwe tulikuwa hatujamwambia. Almasi aliona haya, na mimi niliona si siri yangu. Lakini siri ya nyumba ndogo haina pa kulala. Jumamosi moja alipokuwa anapangusa rafu ya jikoni alikuta pakiti nyuma ya kopo la chumvi.

"Mkwe, hebu njoo."

Nikaja. Alikuwa ameishika kwa ncha za vidole kama panya aliyekufa.

"Kila siku nakuuliza mjukuu wa pili, unaniambia Mungu akipenda. Kumbe Mungu umemfungia kwenye pakiti."

Sikuweza kuapa, maana vyangu vilikuwa chini ya godoro na mume wangu anajua. Nikainama tu. Almasi akaingia kutoka uani, mikono ina povu la sabuni.

"Mama, hivyo ni vyangu."

Mama mkwe akakaa. "Vyako. Una mume gani wewe?"

"Sina mume, Mama. Nina tumbo."

"Utaharibu kizazi, mwanangu. Watu watasema nini?"

Ndipo nikasema, kwa adabu yote niliyoweza kuikusanya, "Mama, mara ya mwisho umemchemshia maji lini?"

Aligeuka kutazama ukutani. Ile chupa ya mpira ilining'inia kwenye msumari wake, kavu, imeanza kupasuka pembeni. Aliitazama kwa muda mrefu. Nadhani alikuwa akihesabu miezi kichwani na kukuta mingi mno. Aliirudisha pakiti nyuma ya kopo la chumvi, akaisogeza kidogo isionekane.

Wiki iliyofuata, Almasi alipokuwa anajiandaa kurudi kwa daktari, mama yake alikuwa ameshavaa viatu.

Kule hospitali hakuketi. Alimhoji daktari kama askari: hivi vina madhara gani, kizazi kitabaki, kwa nini umpe binti asiyeolewa. Daktari alijibu moja baada ya jingine bila kuchoka. Akarudia ile habari ya utando ulioota nje ya nyumba yake, damu isiyo na mlango. Alipofika kwenye maumivu ya haja kubwa na mguu, mama mkwe akashika mgongo wa kiti.

"Mguu upi?"

"Inategemea mtu. Kwa binti yako ni wa kulia."

"Mimi ulikuwa wa kushoto," mama mkwe akasema.

Akaketi sasa, pole pole, akaanza kueleza akitazama sakafu. Alivyokuwa akijifungia stoo asionekane na wakwe zake. Alivyozaa mtoto wa kiume kisha akakaa miaka na miaka mimba isiingie, majirani wakisema ana roho ngumu ndiyo maana tumbo limefunga, mpaka Almasi akaja kama muujiza. Alivyorudi kuumia baada ya Almasi, ingawa aliambiwa kuzaa ni dawa. Na jinsi yalivyokoma hedhi ilipokoma.

"Nilidhani ni zawadi ya uzee," alisema. "Watu wanalia uzee ukija, mimi nilishukuru, na sikujua nashukuru nini." Akainua macho. "Daktari, na mimi, miaka yote ile, ulikuwa ugonjwa?"

"Huenda, Mama. Siwezi kuapa leo. Lakini mara nyingi hutembea katika ukoo."

Mama mkwe akaweka kiganja juu ya tumbo lake mwenyewe, juu ya gauni, akakiacha pale. Nimewahi kuona watu wakipewa habari za msiba na habari za harusi. Uso ule haukuwa wa msiba wala wa harusi. Ulikuwa wa mtu aliyeambiwa, baada ya safari yote kwisha, kwamba mzigo aliodhani ni mgongo wake mwenyewe kumbe ulikuwa mzigo.

Tukiwa njiani alimwambia binti yake, "Nilikwambia utazoea."

"Na wewe uliambiwa hivyo hivyo, Mama."

"Ndiyo. Sikuzoea."

Tangu siku ile yeye ndiye saa ya nyumba. Jioni akisikia taarifa ya habari inaanza anaita kutoka sebuleni, "Umemeza?" na wote wawili tunaitika, kwa kuwa nami nilishamwambia ukweli wa vyangu, kisha anakumbuka kwamba vyangu havipendi, ananuna kidogo.

Mwaka uliofuata karakana yao ilipata kazi ya paa la kioo kwenye ukumbi wa stesheni ya treni. Bosi alimpa Almasi usimamizi. Tulikwenda kumwona, mimi na mama mkwe na mtoto. Alikuwa juu kabisa, amefungwa kamba kiunoni, amechuchumaa kwenye fremu, na kreni inamletea kioo kikielea hewani kimeshika mawingu ndani yake. Alinyoosha mikono akakipokea. Alikiongoza kwa viganja tu, hivi na hivi, mpaka kikaketi mahali pake, na mwanga ukashuka sakafuni pale tulipokuwa tumesimama, pa vumbi, pakang'aa. Abiria walisimama na mizigo yao.

"Huyo ni wangu," mama mkwe alimwambia mtu asiyemjua.

Sitadanganya kwamba yote yamekwisha. Kuna siku tumbo humnung'unikia, anameza dawa ya maumivu na kuendelea. Daktari anamfuatilia, na habari ya kamera bado ipo mezani. Kuhusu kupata mtoto Almasi hajaamua, na Kimya, ambaye sasa anakuja nyumbani mara nyingi kuliko kazi inavyodai, anasema yeye hana haraka, na anaieleza hiyo kutokuwa na haraka kwa saa nzima.

Baada ya stesheni bosi alimuuliza kama anaweza kwenda mji mwingine kwa miezi kadhaa, kuna jengo kubwa. Zamani angesema atafikiria. Alikwenda. Wiki ya kwanza alinipigia simu jioni, anahema kidogo, nyuma yake honi na watu. Aliniambia ametoka kazini akaanza kutembea, akapita mtaa huu na ule, akapotea, akauliza njia, akaelekezwa, akapotea tena.

Nikamuuliza alikuwa anatafuta nini.

"Hakuna," akasema. "Miguu ndiyo ilikuwa inataka."